Vitamini D ya mtoto iko chini: je, ndiyo iliyoleta ukurutu?

SWALI: Habari daktari. Nina mtoto wa miaka miwili na nusu, tunaishi Pipeline, Embakasi, hapa Nairobi. Tangu akiwa na miezi mitano ana ukurutu, huu ambao wengine wanauita pumu ya ngozi, nyuma ya magoti, kwenye viwiko na shingoni. Usiku anajikuna mpaka shuka inapata damu. Mwezi uliopita alipimwa vitamini D ikapatikana 14, na karatasi imeandikwa iko chini. Aliyenisomea majibu alisema ugonjwa ni huo: nimpe matone ya vitamini D, aote jua la saa moja asubuhi, na krimu niziache kwa sababu zinaharibu ngozi. Nimeziacha wiki tatu sasa na matone nampa, lakini ngozi imezidi kuwa mbaya. Maziwa, mayai na samaki niliacha kumpa mwaka jana, majirani waliponiambia ni aleji. Je, niongeze matone? Halafu nina mimba ya miezi minne: kuna namna ya kumkinga huyu anayekuja? – Mama Imani

JIBU: Mama Imani, nianze na lisilosubiri: matone usiyaongeze, na krimu irudi leo jioni, isipokuwa kama ni ile ya dawa tatu nitakayoitaja huko chini. Hayo mengine ni marefu kidogo, jimiminie chai ukae.

Tuanze na hiyo 14. Namba isiyo na kipimo ni kama bei ya viazi usiyoambiwa ni ya kilo au ya debe. Kuna maabara zinazoandika nanogramu kwa mililita, na nyingine nanomoli kwa lita. Ukitaka kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 2.5. Yako nadhani ni ya kwanza, kwa hiyo 14 inakuwa 35. Mwaka 2016 wataalamu wa matege kutoka nchi nyingi walikubaliana mipaka hii kwa nanomoli: zaidi ya 50 inatosha, kati ya 30 na 50 ni pungufu, chini ya 30 ndio ukosefu wenyewe. Imani yuko katikati. Si hali ya kupuuza, wala si ya kukukosesha usingizi. Angalia pia kwamba maabara nyingine huweka mstari wa "kawaida" juu zaidi, na kwa mstari huo nusu ya mtaa wako wangeonekana wagonjwa.

Sasa swali lenyewe. Ni kweli kwamba watoto wenye ukurutu wakipimwa pamoja na wasio nao, mara nyingi wenye ukurutu ndio huonekana na vitamini D ya chini. Aliyekusomea majibu hakulitoa hilo hewani. Alipokosea ni pale alipoona vitu viwili vimeketi kwenye benchi moja akaamua kimoja ndicho kilichomzaa mwenzake.

Nimewahi kupanda ngazi za nyumba kama yako. Ghorofa ya sita, saa nne asubuhi, na taa ya korido inawaka. Dirisha la chumba linatazama dirisha la jirani, karibu kiasi cha kupeana chumvi. Nguo zinaanikwa juu ya paa kwa sababu huko ndiko jua liliko. Mtoto anayeamka humo, akabebwa ndani ya blanketi na kofia ya sufu mpaka kwa mlezi ghorofa ya pili, akarudishwa jioni, anaishi karibu kabisa na ikweta lakini jua halimjui. Ongeza kwamba ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi, nayo huchuja ile miale inayotengeneza vitamini D, kwa hiyo tunahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mtu mweupe kupata kiasi kilekile. Matege yamewahi kuripotiwa Kibera, katika jiji hilihili ambalo mgeni akishuka uwanja wa ndege anapaka mafuta ya kuzuia jua.

Halafu uje kwenye ukurutu wenyewe. Mtoto mwenye mabaka anavishwa mikono mirefu ili watu wasimkodolee macho kwenye matatu. Anazuiwa kucheza nje asije akatoka jasho akajikuna. Ananyimwa maziwa, mayai na samaki. Mwili wenye uvimbe wa muda mrefu nao huweza kushusha kiwango kinachoonekana kwenye damu. Kwa njia hizo zote ukurutu ndio unaoishusha vitamini D, na ukisoma barua yako tena utaona baadhi yake zimo ndani.

Je, upande wa pili hauna ukweli wowote? Unao kiasi. Ngozi ya mtoto mwenye ukurutu ni kama kiondo kilichosukwa kwa haraka: maji yanavuja nje, vumbi, sabuni na vijidudu vinapenya ndani, na askari wa mwili wanaamka kupigana na kila kinachopita. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba kwa watu wengi wa Ulaya kasoro hiyo hutoka kwenye jeni ya protini iitwayo filagrini; kwetu Waafrika kasoro hiyo ya jeni ni nadra zaidi, ingawa ukurutu tunao. Vitamini D husaidia seli za ngozi kukomaa, na huziamsha zitengeneze kathelisidini, aina ya dawa ya asili inayoua bakteria. Ngozi yenye ukurutu huwa na kathelisidini kidogo, na mara nyingi bakteria aina ya stafilokokasi wamejaa juu yake. Kwa hiyo wazo kwamba vitamini D ingesaidia si la kijinga.

Lakini wazo zuri ni jambo moja, na mtoto kupona ni jambo jingine. Jaribio linalotajwa sana lilifanywa Mongolia na kuchapishwa mwaka 2014. Watoto 107 wa miaka 2 hadi 17, ambao ukurutu wao ulikuwa ukizidi majira ya baridi, waligawanywa: wengine walipewa yuniti 1,000 za vitamini D kila siku kwa mwezi mmoja, wengine dawa bandia isiyo na kitu. Waliopewa vitamini walipata nafuu kubwa zaidi. Habari njema, ila tazama ni wapi. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, wakati wa baridi ni jiji la barafu, jua liko chini sana, watu wamejifunika mpaka puani. Na kuna kipengele ambacho wauza matone hawakitaji kamwe: watoto wote katika jaribio hilo, wa makundi yote mawili, walipewa pia mafuta ya kulainisha ngozi na wazazi wakafundishwa kuitunza. Hata wa dawa bandia walipata nafuu. Hakuna aliyeambiwa aache kupaka.

Mwaka 2017 watafiti wengine walipita njia ya jeni. Kuna watu waliozaliwa na jeni zinazowafanya wawe na vitamini D ya chini maisha yao yote. Kama upungufu wa vitamini D ndio unaoleta ukurutu, watu hao wangekuwa na ukurutu mwingi kuliko wengine. Haikuonekana hivyo. Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko picha kumi za kabla na baada.

Msimamo wangu basi ni huu: upungufu wa Imani tuutibu kwa ajili ya mifupa yake, na ngozi yake tuitibu kama ngozi. Matone yakiisaidia ngozi kidogo, tutashukuru. Kuyategemea peke yake ndiko kulikokuletea hizi wiki tatu za damu kwenye shuka.

Chukua chupa ya matone sasa hivi usome nyuma. Tafuta herufi IU, ndizo yuniti. Yuniti 400 ni mikrogramu 10. Halafu tafuta kitu muhimu zaidi: hizo yuniti ziko ndani ya tone moja au ndani ya mililita nzima? Zipo chupa zenye 400 kwa tone, na zipo zenye 400 kwa mililita. Mama akizoea chupa ya pili kisha akauziwa ya kwanza, akavuta kile kibomba mpaka mstari wa mililita kama kawaida yake, anampa mtoto zaidi ya yuniti 10,000 kwa mkupuo. Mtoto wa umri wa Imani anahitaji takriban 600 kwa siku, na asipite 2,500 bila daktari kumsimamia. Niliwahi kuletewa mtoto aliyekuwa akipewa kila siku kidonge cha mtu mzima kilichokusudiwa cha wiki. Alikuwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana, anatapika, choo kimekuwa kigumu kama mawe. Kalsiamu ilikuwa imemjaa kwenye damu, na figo ndizo zinazolipa deni hilo. Kwa upungufu kama wa Imani, daktari anaweza kuandika dozi kubwa kwa muda maalumu kisha apime tena. Dozi hiyo iandikwe naye, isikadiriwe jikoni. Mwombe pia amwangalie miguu na vifundo vya mikono kama kuna dalili za matege, na umwambie alianza kutembea lini.

Nirudi kwenye krimu, maana hapo ndipo roho yako ilipo. Nadhani ulikubali haraka kuziacha kwa sababu ulishaona kitu kinachokutisha: mabaka meupe pale palipokuwa na ukurutu. Karibu kila mama wa Nairobi huniambia krimu imemchubua mtoto. Mara nyingi si krimu. Ukurutu kwenye ngozi nyeusi hauji mwekundu kama picha za vitabuni. Huja wa kijivu au zambarau iliyoiva, mara nyingi na vipele vidogovidogo penye vinyweleo, na ukipoa huacha kivuli, cheupe au cheusi, ambacho hukaa miezi kisha rangi ikarudi. Kivuli hicho ni cha ugonjwa.

Sitakudanganya lakini: zipo krimu zinazochubua na kufanya ngozi iwe nyembamba. Kuna tyubu zinazouzwa kwenye kemisti bila kuulizwa swali, zenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, na watu wanazipaka mpaka usoni mwezi baada ya mwezi. Kama uliyokuwa nayo ni hiyo, aliyekuambia uiache alikuwa na nusu ya haki. Usoni na shingoni mwa mtoto tumia haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu. Kwa magoti na viwiko vilivyokwisha kuwa vigumu, huenda akahitaji yenye nguvu kidogo zaidi, na hiyo uandikiwe.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Bonyeza tyubu juu ya kidole chako cha shahada, mstari mmoja kutoka ncha ya kidole mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja vyako viwili pamoja na vidole. Kwa nyuma ya magoti yote mawili ya Imani, huo mstari mmoja unatosha. Mara moja kwa siku, mpaka ukipitisha kidole usikie ngozi laini na mwasho umekwisha, kwa kawaida wiki moja au mbili. Kosa ninaloliona kila wiki ni mama kuacha siku ya tatu rangi ikianza kutulia, huku chini moto bado unafuka. Funga macho upapase; kidole kinajua kabla ya jicho.

Mafuta ya kulainisha ni kila siku, ngozi ikiwa mbaya na ikiwa nzuri. Vaselini ya kawaida isiyo na harufu inatosha kabisa. Wengi wenu mnatumia yale mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kama hayana manukato sina ugomvi nayo, ngozi haisomi picha kwenye kopo. Zile za watoto zenye harufu ya maua ndizo ninazozikataa. Paka mwili mzima asubuhi na jioni, kwa kushuka kufuata vinyweleo, si kwa kusugua. Kopo la gramu 250 likiisha ndani ya wiki moja au mbili, unapaka sawasawa. Likikaa miezi mitatu, unalitazama tu.

Najua maji huko kwenu yanapanda ngazi kwa mitungi. Beseni moja linatosha. Yawe ya uvuguvugu ambao kiwiko chako hakishtuki, dakika tano hadi kumi, sabuni kwapani na sehemu za siri tu, na usimimine humo dawa ya kuua viini hata kama inanukia usafi. Mkaushe kwa kumgandamiza taulo. Mafuta yaingie ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu, vazi baadaye. Krimu ya dawa na mafuta viachanishe kama nusu saa. Usiku avae pamba, na blanketi la manyoya lisimguse ngozi. Kucha kata kila Jumapili.

Ukiona majimaji ya rangi ya asali yanayokauka kuwa magamba, au usaha, au joto la mwili, nenda kliniki, ameingiliwa na bakteria. Ukiona vilengelenge vidogo vya duara vinavyofanana, kama vimetobolewa kwa kijiti, vinasambaa haraka na vinamuuma, hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kuhusu jua. Hilo la saa moja asubuhi ni desturi nzuri kwa mama na mtoto kupata hewa, lakini kwa vitamini D ni karibu bure. Jua likiwa chini, miale inayotengeneza vitamini inapita kwenye hewa nyingi mno na kuishia njiani. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kukuliko, ngozi haitengenezi kitu cha maana. Hapa Nairobi kivuli huanza kuwa kifupi kuliko mwenyewe kati ya saa tatu unusu na saa nne. Muda huo mpandishe kwenye paa unakoanika nguo, mikono na miguu wazi, robo saa hivi, siku kadhaa kwa wiki, na umteremshe kabla jasho halijaanza, kwa sababu jasho humwasha. Kumkalisha nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii. Kioo hupitisha joto na kuzuia miale tunayoitaka. Julai, mawingu yakikaa wiki nzima, usijilaumu.

Kuna akina mama hurudi kutoka likizo ya Mombasa wakaniambia ngozi ya mtoto ilitakata huko, kwa hiyo ni vitamini D. Yawezekana ni jua, lakini si lazima iwe vitamini. Sisi madaktari wa ngozi tuna taa maalumu za miale kama hiyo ya jua kwa wagonjwa wenye ukurutu mkali, na kazi yake kubwa ni kutuliza askari wa mwili palepale kwenye ngozi. Ndiyo maana anayemeza tone hapati kile anachopata aliyekaa chini ya taa. Na kwa kila mtoto aliyenawiri Mombasa, nina mwingine aliyerudi na mwasho wa jasho.

Chakula nakuomba ukirudishe. Aleji ya kweli ya chakula mara nyingi huonekana ndani ya dakika hadi saa mbili: midomo kuvimba, vipele vya kuwasha kama vya upupu, kutapika, kupumua kwa shida. Kama Imani hakuwahi kufanya hivyo alipokunywa maziwa au kula yai, ukurutu peke yake hautoshi kumnyima. Kwa kuwa amekaa mwaka mzima bila vyakula hivyo, mwambie daktari kabla ya kuanza, kisha rudisha kimoja kimoja, kidogo kidogo, mchana na si usiku. Kama aliwahi kuvimba midomo, usijaribu nyumbani hata kidogo. Vitamini D bila kalsiamu ni fundi asiye na mawe. Maziwa, omena anayeliwa na mifupa yake, sukuma wiki: hivyo ndivyo vitakavyofanya hayo matone yawe na kazi.

Na huyu anayekuja. Uingereza walijaribu kuwapa wajawazito yuniti 1,000 za vitamini D kila siku kuanzia wiki ya 14 mpaka kujifungua, na matokeo ya ngozi yalitolewa mwaka 2022. Watoto wa mama hao waliokuwa na ukurutu walipofika miezi 12 walikuwa wachache kuliko wa mama wengine, hasa kati ya walionyonya zaidi ya mwezi mmoja. Walipofika miaka miwili na minne, tofauti haikuonekana wazi tena. Huenda inachelewesha kuliko kuzuia. Ukiniuliza kama dada yako, ningesema vitamini D wakati wa mimba ina faida kwako mwenyewe, kwa kuwa unaishi ghorofa lilelile lisilo na jua, na kama damu ya Imani iko chini basi yako nayo haiko mbali. Mama aliye na vitamini D kidogo hana ya kumgawia aliye tumboni, na maziwa ya mama, kwa uzuri wake wote, yana vitamini hiyo kidogo sana. Ndiyo sababu watoto wachanga wanaonyonya hushauriwa wapewe yuniti 400 kwa siku.

Ukienda kliniki ya wajawazito wiki hii, beba chupa ya matone ya Imani, karatasi ya maabara na tyubu ya krimu, hata kama imebaki tupu. Mwonyeshe nesi vyote vitatu kwa pamoja.